Bakshishi Si Mshahara: Habari za Wahudumu wa Meli za Watalii



Mwezi uliopita tulikwenda Masaka kwa mkutano wa wanachama. Tunasema Masaka ya Kigali, katika wilaya ya Kicukiro, si ile ya Uganda ambayo wengi huikumbuka wakisikia jina hilo. Masaka haina bahari. Ukitaka kuona maji ya chumvi kutoka pale, safiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Lakini tangu bandari kavu ilipofunguliwa Masaka mwaka 2019, malori ya makontena kutoka Dar es Salaam na Mombasa yanaingia na kutoka, madereva wanaongea Kiswahili katika vibanda vya chai, na habari za meli si ngeni tena kwa watu wa huko.

Mkutano ulipokwisha, mzee mmoja, mfungaji wa katoni kiwandani, alitungoja mlangoni na bahasha mkononi. Binti yake amemaliza mafunzo ya hoteli, na wakala wa ajira amemtafutia nafasi ya uhudumu katika meli kubwa ya watalii. Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba wa kurasa tisa, wote kwa Kiingereza. Mzee hakutuuliza habari za dhoruba, wala za mtoto kwenda mbali na nyumbani. Alituuliza hivi: "Hapa wameandika mshahara dola mia nne na kidogo. Chini yake wameandika bakshishi. Chini kabisa jumla imekuwa dola elfu moja na mia mbili. Sasa ndugu zangu, bakshishi inaandikwaje kwenye mkataba? Mtu amejuaje leo kwamba mgeni wa mwakani atafurahi?"

Tulikaa chini tukausoma mkataba huo mpaka giza likaingia. Swali la mzee tumeliona ni la wengi, ndiyo maana tumelipa ukurasa huu.

Huenda ndugu wa mashamba ya chai au wa miwa akasema: mimi na meza za matajiri wa baharini tuna uhusiano gani? Uhusiano upo. Watoto wetu wanaingia kazi za hoteli kwa wingi, na baadhi yao wanavuka mpaka hadi baharini. Hata hapa Rwanda, tangu mwaka 2023, katika Ziwa Kivu kuna meli ndogo ya kifahari yenye vyumba 10, Kivu Queen uBuranga, ambamo wageni wanalala na kula wakiwa majini. Tena jambo la mwajiri kubadilisha jina la malipo, akaita zawadi kile kilichopaswa kuitwa mshahara, nani kati yetu hajaliona?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Bakshishi ni neno la asili ya Kiajemi, na maana yake ni kitu cha kutoa kwa hiari. Pwani watu wanasema "chai", na hapa Kigali utasikia "chukua ya Fanta". Mteja amekwisha kulipa bei, kisha moyo wake unamtuma aongeze kidogo kwa aliyemhudumia. Ada ya huduma ni kitu kingine. Hiyo huandikwa na mwenye biashara kwenye bili, kwa kiwango alichokipanga yeye, na mteja huikuta imekwisha hesabiwa. Moja imetoka kwa mgeni, nyingine imetoka kwa mwenye mali kupitia mfuko wa mgeni. Ndani ya meli za watalii vitu hivi viwili vimechanganywa mpaka abiria mwenyewe hajui analipa kipi.

Mambo huenda hivi. Abiria hulipa nauli kabla ya kupanda, na ndani ya nauli hiyo mna kitanda na chakula cha ukumbi mkubwa. Akiwa safarini hatumii noti. Hupewa kadi, na kila anachonunua huandikwa kwenye hesabu yake hadi siku ya kushuka. Katika meli nyingi, hasa za makampuni ya Kimarekani, kila siku inayopita hesabu hiyo huongezwa dola kadhaa kwa kila kichwa, zikiitwa bakshishi ya siku. Fedha hizo hugawiwa kwa wahudumu wa ukumbi, wasaidizi wao, watandika vitanda, na mara nyingi watu wa nyuma ambao abiria hawaoni nyuso zao.

Mbali na ukumbi mkubwa, meli ina migahawa ya chakula maalumu: wa nyama za kuchoma, wa samaki wa Kijapani, wa Kiitaliano, na kadhalika. (Sisi wenyewe hatujapata kula humo, na kwa bei tulizoziona hatutarajii.) Huko nauli haitoshi, abiria hulipa tena. Na juu ya bei ya chakula huwekwa asilimia ya huduma. Kwa miaka ya karibuni Royal Caribbean imekuwa ikiweka asilimia 18, na Norwegian Cruise Line asilimia 20. Kwa hiyo watu wawili wakila chakula cha dola 50 kila mmoja, bili ni dola 100, na kwa kiwango cha asilimia 18 itasomeka dola 118. Chini ya hesabu hiyo mara nyingi huachwa mstari mtupu: bakshishi ya nyongeza.

Mstari huo mtupu ndio unaoleta mashaka mezani. Mgeni mmoja haoni zile dola 18, anajaza nyingine 20, na kesho yake anaona amelipa mara mbili. Mwingine anaziona, anakasirika kwamba ametozwa bila kuulizwa, na hasira yake inamwangukia kijana aliyebeba sahani, ambaye hakupanga kiwango wala hakuchapa bili.

Desturi inayokubalika miongoni mwa wasafiri wa siku nyingi ni hii. Pale ambapo ada imekwisha kuandikwa, mgeni hana deni lingine. Akipenda kuongeza kwa sababu mhudumu alimjali kuliko kawaida, ataongeza kidogo, na afadhali aitoe taslimu mkononi bila kelele kuliko kuiandika kwenye mstari. Jambo ambalo si adabu ni kwenda ofisini siku ya mwisho na kuomba bakshishi yote ya siku ifutwe, kisha kumtafuta mhudumu mmoja na kumpa noti ya dola 20. Mgeni huyo hudhani amempendelea kijana wake. Kumbe amemnyima mwosha vyombo, amemnyima dobi, na yule kijana naye, katika meli nyingi, kanuni inamtaka aipeleke noti hiyo kwenye mfuko wa pamoja ikiwa mgeni amejiondoa katika malipo ya siku. Kitu kingine ambacho mgeni anaweza kutoa na hakimgharimu ni kuandika jina la mhudumu kwenye karatasi ya maoni. Karatasi hiyo husomwa wakati wa kupandishwa cheo na wakati wa kupewa mkataba mpya.

Na mhudumu je? Mhudumu asiombe, wala asisimame juu ya meza akiangalia kalamu ya mgeni. Akiulizwa kama huduma imo ndani ya bili, aseme kweli kwamba imo. Wapo wanaonyamaza ili walipwe mara mbili, tunajua sababu ya kunyamaza kwao, lakini mgeni akigundua hulalamika, na anayeitwa kujieleza ni mhudumu peke yake.

Hadi hapo ni adabu ya mezani. Sasa turudi kwenye swali la mzee, maana yeye hakuuliza adabu, aliuliza hesabu.

Bakshishi inaingia kwenye mkataba kwa njia hii. Kwa kuwa ada ya kila siku hutozwa kwa karibu kila abiria, mwenye meli anajua mapema kiasi gani kitaingia. Basi anaandika mshahara mdogo wa msingi, anajazia kwa fedha ya ada, na anaandika jumla inayopendeza macho. Abiria anafikiri ametoa zawadi juu ya mshahara. Kumbe zawadi yake ndiyo mshahara. Mikataba ya namna hii iko mingi katika kazi za uhudumu baharini, na haifanani: mingine inadhamini jumla hiyo hata wageni wakiwa wachache, mingine inasema tu kwamba "inakadiriwa". Neno moja hilo lina uzito wa mamia ya dola. Katika mkataba wa binti wa Masaka tulilitafuta, na tulilikuta ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo: inakadiriwa.

Jambo hili si la leo. Huko Marekani, baada ya vita vya kufuta utumwa, kampuni ya Pullman iliajiri watu weusi, wengi wao waliotoka utumwani, kuwahudumia abiria katika mabehewa ya kulala. Ujira ulikuwa mdogo kwa makusudi, kwa hoja kwamba abiria watajazia. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kana kwamba hawakupewa majina na mama zao. Mwaka 1925 wahudumu hao waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph. Walipigana miaka 12. Mkataba wa kwanza na kampuni ulitiwa saini mwaka 1937, ukapunguza kazi kutoka saa 400 kwa mwezi hadi 240 na kupandisha mishahara. Tuangalie walichodai: hawakudai abiria wawe wakarimu zaidi. Walidai mshahara ambao hautegemei kama abiria ameamka vizuri.

Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo, sheria ya taifa bado inamruhusu mwajiri kumlipa mtu wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu mwaka 1991, wakati kima cha chini kwa wengine ni dola 7.25 tangu 2009. Sheria inasema bakshishi isipofikisha tofauti hiyo mwajiri ajazie. Baadhi ya majimbo yameweka viwango bora zaidi. Lakini makampuni mengi ya meli za watalii yana makao yake Florida na abiria wao wengi ni Wamarekani, na mazoea ya nchi kavu yamepanda melini pamoja na mizigo.

Nchi nyingine zimekwenda njia tofauti. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1933 kwamba fedha inayokusanywa na mwajiri kwa jina la huduma ni mali ya wafanyakazi na lazima wapewe yote. Uingereza ilichelewa mno: sheria yake ya mgao wa bakshishi ni ya mwaka 2023, na ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Inamkataza mwajiri kukata hata senti, na inamtaka agawe kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Katika meli zenyewe, kampuni ya P&O Cruises ya Uingereza iliifuta ada ya huduma ya kila siku mwaka 2019 na kuiingiza ndani ya nauli. Kwa hiyo anayesema haiwezekani, aulizwe mbona wengine wameweza.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 1991 Mkataba Namba 172 kuhusu hali ya kazi katika hoteli na migahawa. Humo bakshishi imeelezwa kuwa ni fedha ambayo mteja anampa mfanyakazi kwa hiari, zaidi ya kile anachotakiwa kulipa kwa huduma. Kisha mkataba unasema kwamba, bila kujali bakshishi, mfanyakazi lazima apate malipo ya msingi, na ayapate kwa vipindi vya kawaida. Unakataza pia kuuza na kununua nafasi za kazi. Ni nchi chache zilizouridhia, hilo ni kweli. Lakini maneno yake ni mazuri kuyashika mkononi unapokaa kujadiliana na mwajiri mkataba wa hali bora.

Kwa watu wa baharini upo mkataba wenye nguvu zaidi, ule wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Meli hufuata sheria ya nchi ya bendera yake, na meli nyingi za watalii hupeperusha bendera ya Bahamas, Panama au Malta. Nchi zote hizo tatu zimeridhia. Kenya iliridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo meli ikitia nanga Mombasa au Zanzibar inaweza kukaguliwa. Na mhudumu wa mgahawa ni baharia kwa mujibu wa mkataba huo, ingawa hagusi usukani wala kamba. Wengi hawalijui jambo hili, na wakala hana haraka ya kuwaambia.

Mkataba huo unampa nini binti wa Masaka? Unampa haki ya kuusoma mkataba wake na kutafuta ushauri kabla ya kutia saini, na kubaki na nakala iliyosainiwa. Kumbe mzee alipotufuata mlangoni alikuwa anatumia haki ya binti yake bila kujua. Unampa haki ya kulipwa angalau kila mwezi na kupewa karatasi ya hesabu inayoonyesha kilicholipwa, na kupeleka sehemu ya fedha nyumbani. Unaweka mipaka ya kazi: ama saa zisizozidi 14 kwa siku na 72 kwa siku saba, au mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa siku saba. Miongozo yake inasema mshahara wa msingi ni malipo ya saa za kawaida, na hauhesabu ndani yake saa za ziada, bonasi wala nyongeza nyingine. Mtu wa bakshishi azingatie hapo, maana saa za ziada na malipo ya likizo hukokotolewa kutoka mshahara wa msingi. Msingi ukiwa dola mia nne, kila kinachojengwa juu yake kitakuwa kifupi, hata jumla iandikwe kwa wino wa dhahabu.

Halafu kuna habari ya wakala. Mkataba wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Nauli ya kumrudisha nyumbani muda ukiisha nayo ni juu ya mwenye meli. Mzee alituambia wakala amekwisha kuomba faranga laki tano "za kufungua faili". Tulimwambia asitoe hata moja mpaka aonyeshwe kwa maandishi ni malipo ya nini na yamepokelewa na nani.

Kabla hatujaachana Masaka, dada mmoja anayehudumu katika mgahawa wa mjini Kigali, aliyefika na mumewe mkutanoni, alitukumbusha kwamba hatuna haja ya kwenda baharini kulitafuta jambo hili. Zamani, alisema, mteja aliacha noti chini ya sahani, na jioni wahudumu na wapishi walifungua kisanduku wakagawana. Sasa mteja analipa kwa simu. Bili ni faranga 9,000, anatuma 10,000 kwenye namba ya mgahawa, anasema "inayobaki ni yako", anaondoka. Ile 1,000 imeingia kwenye akaunti ya mwenye mgahawa. Mhudumu ameahidiwa mbele ya mashahidi, na hana kitu mkononi. Wao pale kazini wameanza kuandika kwenye daftari kila nyongeza ya simu, siku, meza na kiasi, na Jumamosi wanalipeleka daftari kwa karani. Wiki mbili za kwanza karani alilalamika. Wiki ya tatu alilipa. Tunawashauri ndugu wa hoteli wengine wafanye hivyo hivyo, na walifanye pamoja, kwa sababu mhudumu mmoja mwenye daftari huitwa mkorofi.

Tuliandika na binti maswali manne kwa Kiingereza ampelekee wakala. Je, jumla ya dola elfu moja na mia mbili imedhaminiwa au imekadiriwa? Wageni wakifuta bakshishi, nani anajazia? Saa za ziada zinakokotolewa kutoka kiasi gani? Ni chama gani cha mabaharia kilichosaini mkataba wa pamoja katika meli hiyo, na nakala yake iko wapi? Binti aliyanakili kwa mwandiko wake, akayatuma kwa simu palepale, baba yake akiwa amesimama nyuma yake.

Hadi tunapeleka gazeti hili kwa mchapaji, wakala amejibu swali moja tu, la tatu, na jibu lake ni kwamba saa za ziada "zimo ndani ya jumla". Binti bado hajatia saini. Mzee yuko zamu ya usiku wiki hii, na ametuomba tukipita Masaka tena tumletee nakala ya Mkataba wa 2006 kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, maana Kiingereza kinamchosha macho.